Usalama wa Tabora ni wa nani?

Mtumishi wa serikali aliyeko Dar es Salaam anapopokea barua ya uhamisho kwenda Tabora, habari huenea ofisini kabla hajamaliza kuisoma. Wenzake humpa pole. Mmoja humwonya ajihadhari na ushirikina. Mwingine humshauri asile ovyo kwa watu. Wa tatu, ambaye pengine hajapata kuvuka Morogoro, humweleza kwa uhakika kabisa mambo yanayotendeka huko usiku. Mtumishi huyo akifika Tabora na kupata nyumba Isevya au Kanyenye, wenyeji nao humpokea kwa pole za namna nyingine. Humpongeza kwa kuokoka na vibaka wa Kariakoo na Manzese, humsimulia habari za watu waliosahau kufunga milango na wasiibiwe kitu, na humhakikishia kwamba sasa amefika mahali ambapo mtu hulala.

Mazungumzo ya aina hiyo hufanyika kila mahali penye watumishi wanaohamishwa, kwa maana hakuna mtu asiyesifu kwao. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na hakuna ubaya wowote mtu kuupenda mji uliomlea. Ubaya huanza pale mapenzi hayo yanapogeuzwa kuwa kipimo. Mwenyeji wa Tabora anaposema kwamba mji wake ni salama, kwa kawaida husema kwamba yeye mwenyewe yu salama. Anazijua njia zote za mtaani, anajua nani mlevi na nani mwizi, na akipiga kelele usiku anajua ni mlango upi utakaofunguliwa kwanza. Mkazi wa Temeke naye husema vivyo hivyo juu ya Temeke, na kwa sababu zile zile. Wote wawili wamepima mazoea yao wakayaita usalama.

Kipimo cha haki ni kingine. Usalama wa mji hupimwa kwa yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote waliomo ndani yake: mgeni aliyeshuka stesheni usiku na hana ndugu, ajuza asiye na mtoto wa kumtetea, mtoto mwenye ualbino anayekwenda shule peke yake. Watu hao wakilala, mji ni salama. Wasipolala, basi sifa zote zinazobaki ni simulizi za barazani. Tabora ina sababu ya pekee ya kukikubali kipimo hicho, kwa kuwa ni mji uliojengwa na wasafiri.

Njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Usagara na Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye shida ya maji, kisha ikaingia Unyamwezi. Kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi kwa miguu. Hapo, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo njia zilipogawanyika. Moja iliendelea magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nyingine ilishuka kusini magharibi kuelekea Katanga. Burton na Speke walifika mahali hapo, walipopaita Kazeh, mnamo Novemba 1857, wakapokewa na wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kujenga na kustarehe. Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, walikaa pamoja Kwihara, jirani na Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872.

Vitabu vya wageni hao viliijaza dunia habari za hatari za njia ile. Lakini waliobeba mizigo, na ambao vitabu hivyo huwataja kwa jumla tu kama wapagazi, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliokwenda pwani na kurudi kwa maelfu kila mwaka. Hao ndio waliojua kuliko mtu yeyote maana ya usalama wa msafiri. Walisafiri kwa makundi makubwa chini ya kirangozi. Jioni walizungushia kambi yao boma la miiba. Mbali ya hayo walitegemea desturi mbili ambazo zafaa kukumbukwa na kila mtumishi wa umma, nazo ni hongo na utani.

Hongo ya siku zile ilikuwa ushuru. Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulisimama, ukajadiliana naye, ukalipa nguo, shanga au masango ya shaba. Ni kweli kwamba majadiliano hayo yaliweza kuchukua siku nyingi, hasa Ugogo, na kwamba watemi wengine walidai kupita kiasi hata vita vikazuka. Hata hivyo malipo yalifanyika hadharani, mbele ya wazee wa nchi na watu wa msafara, na aliyepokea alichukua dhamana: msafiri aliyelipa alikuwa na haki ya maji, ya kununua chakula, na ya kupita. Neno lile lile leo ni jina la malipo yanayofanyika gizani, na anayeyapokea hachukui dhamana ya jambo lolote. Mgeni anayedaiwa hongo leo kabla ya kuandikiwa taarifa yake ya wizi yuko katika hali mbaya kuliko mpagazi wa mwaka 1860, maana mpagazi angalau alijua amenunua nini.

Utani nao ulifanya kazi ambayo hongo isingeweza kuifanya. Wanyamwezi walikuwa na utani na Wazaramo na makabila mengine yaliyokaa kandokando ya njia ile ya kwenda pwani. Watu wa leo huuona utani kuwa ni mzaha wa arusini na msibani tu, lakini mzaha huo ulikuwa na uzito wake. Mtu aliyekuwa na watani njiani hakuwa mgeni kamili. Aliweza kuomba chakula pasipo aibu, na akifa mbali na kwao walikuwapo watu waliokuwa na wajibu wa kushughulikia mazishi yake. Desturi hiyo iliwawezesha watu waliokuwa na kila sababu ya kuogopana kupita katika nchi za wenzao bila silaha kutoka alani.

Lakini njia ile haifai kupambwa. Kwenye njia hiyo hiyo, nyuma ya wapagazi waliolipwa, walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, waliotekwa Manyema na kwingineko ili wauzwe. Kwa tajiri wa pembe za ndovu, Tabora ilikuwa mji wa amani, wenye nyumba za ua, bustani na miembe ya kivuli. Kwa mtumwa ilikuwa kituo cha mateso. Mji ulikuwa mmoja, na usiku ulikuwa ule ule. Lau mmoja wa matajiri wale angeulizwa kama Tabora ni salama, angejibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, wala asingekuwa anasema uongo. Angekuwa amesahau tu kumwuliza mtu aliyelala uani kwake.

Usalama ule wa tajiri nao haukudumu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa na sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley, aliyekuwa amejiunga na upande wa Waarabu, ilimlazimu kuzunguka mbali kusini ili amfikie Livingstone. Miaka michache baadaye Mirambo huyo huyo alikuwa akiwahakikishia wafanyabiashara na wamisionari amani katika nchi yake, na waliopita kwa ridhaa yake walipita salama. Hata hivyo amani ile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mirambo alipofariki Desemba 1884 dola yake haikuchukua muda kuvunjika. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani mpaka Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa. Wajerumani wakaja na usalama wao, usalama wa boma na kiboko, nao ulidumu hadi Septemba 1916 walipoondolewa na majeshi ya Wabelgiji.

Hiyo ndiyo historia ambayo mwenyeji wa Tabora huionea fahari, na ni haki yake. Funzo lake ni kwamba kila utawala uliopita hapo ulileta usalama wa aina fulani, na kila mmoja uliwaacha watu fulani nje ya ua.

Mji wa wageni

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi ilikwisha lakini kazi ya kupokea wageni haikukoma. Stesheni ilichukua nafasi ya kambi ya msafara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga hapo shule ya serikali iliyokusanya vijana kutoka pembe zote za Tanganyika. Mwaka 1937 alifika hapo kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, Julius Nyerere, ambaye baadaye, alipotoka Makerere, alirudi mjini humo kufundisha katika shule ya St. Mary's. Vijana wale waliotoka mbali hawakuwa na mjomba wala shangazi Tabora. Mji uliwapokea, ukawalea, ukawarudisha kwao wakiwa na fikra za nchi nzima.

Halikuwa jambo la ajabu, basi, kwamba ni Tabora ambako TANU ilikutana Januari 1958 kuamua juu ya kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira, wakitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu aliwasihi waingie katika uchaguzi huo wa dhuluma ili waushinde kutoka ndani. Walibishana, wakaamua, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Waliobaki na shaka waliondoka wakiwa na shaka yao, na Zuberi Mtemvu akaanzisha chama chake mwenyewe. Mji ambao watu wenye hasira wanaweza kubishana hivyo bila kuumizana una haki ya kusifiwa usalama, na fahari ya namna hiyo ndiyo inayostahili kufundishwa darasani.

Hata leo Tabora huishi kwa wageni. Wanafunzi wa sekondari zake, wa Chuo cha Ardhi na wa chuo cha watumishi wa umma, ambacho wengi wangali wakikiita Uhazili, hutoka mikoa yote. Walimu na makarani wake wengi wamezaliwa kwingine. Mji wa jinsi hiyo hauwezi kuwa na usalama wa wazawa peke yao.

Sungusungu

Zipo sifa ambazo Tabora, pamoja na jirani yake Kahama, inaweza kuzidai mbele ya miji yote ya nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Unyamwezi na Usukuma vilikuwa katika taabu kubwa. Wizi wa ng'ombe ulizidi, ujambazi uliongezeka, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilikuwa zimefika mikononi mwa watu wasiostahili. Vituo vya polisi vilikuwa mbali. Wezi waliokamatwa walionekana tena kijijini baada ya siku chache, na wananchi walikuwa na maelezo yao juu ya sababu.

Ndipo kati ya mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na Nzega, wananchi walipojipanga wenyewe. Walijiita sungusungu, jina la wale siafu weusi waumao na wasiorudi nyuma. Walijiita pia Basalama, yaani watu wa usalama. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Kijiji kiliposhambuliwa ulipigwa mwano, kelele ya kuitana, na kila mwanamume aliyeisikia alipaswa kutoka. Kijiji cha pili kiliupokea mwano na kuupeleka cha tatu, hata mwizi akajikuta amezingirwa na nchi nzima. Aliyethibitika kuwa mkosaji alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hakuna aliyempa moto wala maji, wala aliyeitikia salamu yake. Walifanya kazi hiyo pasipo mshahara.

Wapo maofisa walioliona jambo hilo kuwa ni uvunjaji wa sheria, na baadhi ya viongozi wa sungusungu walifikishwa mahakamani. Chama, na Mwalimu mwenyewe, waliliona kwa jicho jingine. Waliona wakulima waliotambua kwamba usalama ni kazi yao, wakaacha kungoja askari kutoka mjini. Mwaka 1989 sheria ilirekebishwa na sungusungu wakatambuliwa kisheria, katika mfumo mmoja na mgambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Mambo ya Ndani ikiwa chini ya Augustine Mrema, ulinzi wa sungusungu ulihimizwa hata katika mitaa ya Dar es Salaam. Hivyo mji mkubwa wa pwani, ambao watu wake huwacheka watu wa bara, ulijifunza kulinda usiku kutoka kwa wafugaji wa Unyamwezi.

Aibu inayofichwa

Mwandamizi wa sifa hiyo ni aibu, na heshima ya Tabora inadai aibu hiyo nayo isemwe. Tangu mwanzo wake sungusungu haikuwasaka wezi peke yao. Iliwasaka pia waliodhaniwa kuwa wachawi, na wengi wa hao walikuwa wanawake wazee. Walifukuzwa vijijini na kutengwa na jamaa zao. Mauaji ya vikongwe yameziandama Shinyanga, Mwanza na Tabora kwa miaka mingi, na mara nyingi ushahidi uliotosha kuwahukumu ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi kwa muda wa miaka hamsini ya kuwapikia watoto wao. Ajuza aliyelala katika kijiji chenye ulinzi wa mishale mia hakuwa salama hata kidogo, kwa sababu mishale ile ilikuwa ya jirani zake.

Serikali nayo ilipata funzo lake. Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya dola vilitumwa Shinyanga na Mwanza kukomesha mauaji hayo hayo ya wanaoshukiwa uchawi, na watu waliokamatwa waliteswa, wengine wakafa mahabusu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo, ingawa si yeye aliyeshika kiboko. Hakusema kwamba maofisa wale walikuwa watu wa mahali pengine. Alisema kwa kitendo chake kwamba yaliyotendeka chini ya dhamana yake ni yake. Taifa halikumdharau. Mwaka 1985 lilimfanya Rais, na ni katika wakati wake kwamba sungusungu waliwekwa chini ya sheria.

Baada ya mwaka 2006 ulizuka uovu mwingine, wa kuwaua na kuwakata viungo watu wenye ualbino kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Kanda ya Ziwa iliumia zaidi, na mkoa wa Tabora haukupona. Machi 2009 serikali ilifikia hatua ya kuwapigisha wananchi kura za siri ili wawataje waliowashuku, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba mtaani yupo mtu anayejua. Mwaka 2015 waganga wapiga ramli walipigwa marufuku. Hata hivyo mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino aliuawa mkoani Kagera, na nchi ikajua kwamba kazi haijaisha.

Mambo haya yakitajwa Tabora, mara nyingi jibu huwa moja: waliofanya hivyo si watu wa hapa. Jibu hilo ni la hatari kuliko uhalifu wenyewe, kwa maana linaufungia mji macho. Mwuaji wa kikongwe hahitaji kuuliza njia. Anayemwinda mtoto mwenye ualbino hana budi kujua analala chumba gani na baba yake husafiri lini, na mambo hayo huyajua mtu wa karibu. Kwa kuilinda sifa ya mji, wenyeji humlinda mhalifu bila kutaka.

Hofu ya pwani na hofu ya bara

Dar es Salaam haina haki ya kucheka. Mapema Januari 2015 uvumi kwamba vijana waitwao panya road wanavamia mitaa ulitosha kuwafanya watu wa sehemu nyingi za jiji wafunge maduka na kukimbilia majumbani. Wengi waliokimbia hawakumwona hata kijana mmoja. Septemba 2022 vikundi hivyo vilivamia nyumba kweli, vikajeruhi na kuua. Katika nyakati zote mbili ilionekana wazi kwamba mamilioni ya watu wanakaa pamoja pasipo kujuana, na mtu asiyemjua jirani yake hana njia ya kutofautisha habari na uvumi.

Pwani, basi, mtu humwogopa asiyemjua. Bara, mnyonge humwogopa amjuaye. Hofu ya kwanza hupigiwa kelele magazetini na kuhamasisha vyombo vya dola kwa siku moja. Hofu ya pili hukaa kimya ndani ya nyumba ya udongo, na mwenye nayo huenda akafa nayo. Hakuna kati ya hizo mbili inayompa mtu haki ya kujivunia mji wake mbele ya mwenzake. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, fungua uingie ndani.

Wajibu

Wajibu wa kwanza ni wa balozi wa shina na mwenyekiti wa mtaa. Kazi ya kiongozi huyo haiishii katika kuandikisha wanachama na kugonga muhuri wa barua. Yampasa ajue ni kikongwe yupi katika nyumba zake anayekaa peke yake, nani ameanza kumnong'ona, na ni mtoto yupi anayehitaji kusindikizwa. Akiletewa mgeni, amwandike ili amfahamu na amjulishe kwa majirani, kwa maana mgeni anayejulikana hulindwa na mtaa mzima. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na utani zamani, na hakuna chombo cha kisasa kilichoifanya vizuri zaidi.

Sungusungu waendelee, lakini wabaki ndani ya sheria iliyowapa heshima. Wamkamate mwizi na kumkabidhi polisi. Tuhuma za uchawi hazina nafasi katika baraza lao, na kiongozi wa ulinzi anayeruhusu jina la ajuza lisomwe hapo amegeuka kuwa mlinzi wa wauaji. Polisi na mahakama nao wakumbuke kwamba sungusungu ilizaliwa pale wananchi walipokata tamaa na vituo vya polisi na mahakama. Kila faili la mauaji ya kikongwe linalofungwa kwa kukosa shahidi huwarudisha wananchi katika mwaka 1981.

Watumishi wanaohamishiwa Tabora wanao wajibu pia. Wapo wanaofika wakiwa na hofu walizopewa ofisini, wakajifungia katika nyumba za serikali, wakahesabu miezi hadi uhamisho mwingine. Mtumishi wa namna hiyo hawezi kujua kinachomtisha mwananchi anayemhudumia. Na yule anayechukua hongo akijua kwamba aliye mbele yake hana pa kwenda, ameharibu usalama wa mji kuliko kibaka.

Walimu wanayo kazi iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto hujifunza mapema nani wa kuogopwa. Njia ya misafara ifundishwe Tabora kwa ukamilifu wake. Mwanafunzi apelekwe Kwihara, aelezwe habari za Livingstone, kisha aambiwe nani alibeba mizigo na nani alifungwa minyororo. Asome habari za kura tatu, na ajue ni kwa nini wenye hasira walisikilizana katika mji wake. Na siku moja aulizwe swali lisilo katika kitabu chochote: katika mtaa wenu, nani huogopa usiku ukiingia? Huenda akalitaja jina la bibi mmoja wa jirani. Mwalimu atakayelisikia jina hilo asiliache likaishia darasani, alifikishe kwa balozi siku hiyo hiyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Tabora imepona mara nyingi kwa kuja kwa wageni: imepata biashara yao, elimu yao na hata uamuzi uliosaidia kuikomboa nchi. Deni lake ni kuhakikisha kwamba mgeni naye anapona, pamoja na mzee na mtoto wa mji wenyewe. Deni hilo likilipwa, mtumishi wa Dar es Salaam atakayepata barua ya uhamisho hatahitaji kupewa pole, na mwenyeji wa Tabora hatahitaji kuusifu mji wake, kwa sababu bibi kizee wa Kanyenye atakuwa amekwisha kuzima taa na kulala.